Kiswahili cha Bure na Kiswahili cha Kulipia: Tathmini ya Lugha katika Kukua kwa Showmax, 2015–2025

1. Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuitafuta kazi ya sanaa katika kitabu kilichopigwa chapa, katika mchezo unaochezwa jukwaani, na katika utungo unaosemwa au kuimbwa mbele ya watu. Redio na televisheni zilipotokea zilipewa nafasi katika uhakiki, lakini kwa kusitasita, kana kwamba kinachosikika leo na kutoweka kesho hakistahili kupimwa kwa mizani ile ile ya riwaya na ushairi. Kusitasita huko hakufai tena. Katika miaka kumi iliyoanzia 2015, utungaji wa tamthilia nchini Kenya ulipata mlipaji mpya, yaani huduma za kutiririsha video kwa njia ya intaneti, ambazo mtazamaji huzifikia kwa kulipa ada ya mwezi. Mlipaji huyo huwaagiza watunzi, huidhinisha miswada, na kwa njia hiyo huwa na kauli katika kuamua ni mhusika gani atakayesema Kiswahili, ni yupi atakayesema Kiingereza, na ni yupi atakayezichanganya lugha hizo mbili.

Makala haya yanaichunguza Showmax, huduma iliyozaliwa Afrika Kusini na kuenea katika sehemu kubwa ya bara hili. Hayakusudii kuandika historia ya biashara. Linalochunguzwa ni uhusiano kati ya kukua kwa huduma hiyo na nafasi iliyopewa Kiswahili katika tamthilia zilizotungwa kwa ajili yake nchini Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba Showmax ilijitafutia nafasi yake kwa kutegemea lugha za Waafrika, lakini katika Kenya ilikitumia Kiswahili zaidi kama alama ya kutambulisha mahali kuliko kama chombo cha kubebea mgogoro mzima. Aidha, sababu ya hali hiyo haikuwa udhaifu wa Kiswahili, bali dhana fulani juu ya mtu awezaye kulipa.

2. Jinsi huduma ilivyokua

Showmax ilianzishwa Afrika Kusini mwezi wa Agosti 2015 chini ya kampuni ya Naspers. Mwaka 2016 ilifunguliwa katika nchi nyingine nyingi za Afrika, na mwaka huo huo Kenya ikatengenezewa huduma yake mahususi, yenye bei ya shilingi, malipo kwa M-Pesa, na filamu na vipindi vya Kenya pamoja na vile vya nje. Mwaka 2017 ilijaribu soko la Poland, lakini mapema mwaka 2019 ikajiondoa huko. Kampuni ya MultiChoice, yenye huduma za DStv na GOtv, ilipotengwa na Naspers mwaka 2019, Showmax ilibaki upande wa MultiChoice.

Yafaa ikumbukwe kwamba katika Kenya kukua huku kulijengwa juu ya mambo yaliyotangulia. M-Pesa ilikuwa imeanza mwaka 2007, na nyaya za mawasiliano za TEAMS na SEACOM zilikuwa zimefika pwani ya Mombasa mwaka 2009. Pasipo njia ya kupitisha picha, na pasipo njia ya kukusanya malipo madogo kutoka kwa watu wasio na kadi za benki, huduma ya namna hii isingaliweza kusimama. Hata hivyo gharama ya data iliendelea kuwa kikwazo, na ndiyo maana huduma ilimruhusu mteja kupakua kipindi mahali penye intaneti nafuu na kukitazama baadaye.

Mwezi wa Januari 2016 Netflix ya Marekani ilijifungua karibu katika ulimwengu mzima, Afrika ikiwamo. Ilikuwa vigumu kwa huduma ya eneo moja kushindana nayo kwa wingi wa filamu za Marekani. Iliyobaki ni njia ya kutunga kazi za nyumbani, na Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Tamthilia ya kwanza iliyotungwa mahususi kwa Showmax ilikuwa kichekesho cha Afrika Kusini, Tali's Wedding Diary, cha mwaka 2017. Mwaka 2019 ikafuata The Girl from St Agnes, na mwaka 2021 The Wife, iliyotokana na riwaya za Dudu Busani-Dube. Mwaka huo huo wa 2021 Kenya ilipata tamthilia yake ya kwanza ya namna hiyo, Crime and Justice, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Canal+ ya Ufaransa. Mwaka 2022 zilifuatana Single Kiasi, Igiza, Pepeta na County 49, na mwaka 2023 ikaja Faithless.

Mwaka 2023 kulitangazwa ushirikiano ambao kwao NBCUniversal, tawi la kampuni ya Comcast ya Marekani, ilichukua asilimia 30 ya Showmax, na asilimia 70 ikabaki kwa MultiChoice. Mwezi wa Februari 2024 huduma ilizinduliwa upya katika nchi 44 za Afrika kusini mwa Sahara, ikiendeshwa kwa mtambo wa Peacock wa Marekani, na mchezo wa kandanda wa Ligi Kuu ya Uingereza ukauzwa kwa kifurushi cha simu. Lengo lililotangazwa lilikuwa mapato ya dola bilioni moja katika muda wa miaka mitano. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2025 idadi ya wateja wenye kulipa iliongezeka kwa asilimia 44, lakini hasara ya kibiashara nayo ilifika takriban randi bilioni 4.9. Mwezi wa Septemba 2025 MultiChoice yenyewe ikaingia mikononi mwa Canal+.

Kwa mwanauchumi, mambo haya ni habari ya mtaji na hasara. Kwa mwanalugha yana maana nyingine. Tamthilia za Kenya zilizotajwa hapo juu hazikulipiwa na mapato ya watazamaji wake peke yake. Zililipiwa na subira ya wenye mtaji waliotaraji faida ya baadaye. Kazi inayoishi kwa subira ya mwingine hulazimika kumpendeza huyo mwingine, na lugha yake haiwezi kueleweka bila kumfikiria.

3. Lugha katika majina

Jina la kazi ni mahali pa kwanza ambapo mlipaji na hadhira hukutana. Kati ya tamthilia sita za Kenya zilizotajwa, tatu zina majina ya Kiingereza, mbili zina majina ya Kiswahili, na moja imechanganya.

Majina mawili ya Kiswahili yalichaguliwa kwa ujuzi. Igiza limejengwa kwa kitenzi iga na kiambishi cha kusababisha. Maana yake ni kutenda jambo kwa kumwiga mwingine, na ndilo neno la sanaa ya mwigizaji. Kwa kuwa kisa chenyewe ni cha pacha anayeyachukua maisha ya pacha mwenzake, jina moja limeunganisha kazi ya mhusika na kazi ya mchezaji anayemwigiza. Pepeta nalo ni neno la ungo na nafaka: kurusha na kupokea hadi makapi yatoke na punje zibaki. Katika kandanda neno hilo limepata maana ya kuucheza mpira kwa ustadi, na waandishi wa habari za michezo nchini Kenya husema kuwa timu fulani imeipepeta nyingine, au kwamba timu mbili zitapepetana. Tamthilia inayohusu vijana wa Kibera, kandanda na uhalifu imepata katika neno hilo maana zote mbili, ya mchezo na ya kuchagua kati ya punje na makapi. Hakuna neno moja la Kiingereza liwezalo kubeba yote hayo.

Jina Single Kiasi ni la namna nyingine. Neno kiasi, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kipimo, na katika mazungumzo ya Nairobi hutumika kwa maana ya "kidogo". Kutokuwa na mume au mke si hali ya kupimwa. Mtu ama anaye ama hanaye. Ucheshi wa jina hili unatokana na kulitia kipimo lisilopimika. Ni ucheshi mzuri, lakini ifahamike ni lugha ipi iliyopewa kazi gani. Kiingereza kimetaja hali yenyewe, na Kiswahili kimekuja nyuma kuitia ladha. Mgawanyo huu wa kazi unaonekana pia ndani ya tamthilia, ambamo uzito wake ni mkubwa zaidi.

4. Mgawanyo wa lugha kati ya wahusika

Kuna wasomaji watakaodhani kwamba lawama inayokusudiwa hapa ni ile ya siku zote, kwamba tamthilia za Nairobi zinaharibu Kiswahili sanifu. Sivyo. Kuchanganya ndimi ni tabia ya kweli ya jiji hilo, na Sheng ni lugha ya kweli ya vijana wake. Mtunzi atakayewafanya vijana wa Kibera waseme kama wasomaji wa taarifa ya habari atakuwa amesema uongo. Kwa sababu hiyo Pepeta, ambayo hutegemea zaidi Kiswahili cha mitaani na Sheng, ina uthabiti wa lugha usiopatikana kwa urahisi katika kazi nyingine za kundi hili.

Swali linalofaa kuulizwa ni la mgawanyo: ni nani anasema nini, mahali gani, na kwa jambo gani? Katika Crime and Justice, ambayo hufuata upelelezi wa polisi na kisha kesi mahakamani, mazungumzo huchanganya Kiingereza na Kiswahili cha Nairobi. Kiingereza ndicho kinachobeba hoja za kazi, yaani ushahidi, sheria, na amri za wakubwa. Kiswahili hukaribia zaidi pale penye mtaa, hasira, utani na huruma. Katika Single Kiasi, yenye wanawake watatu marafiki wa jiji, lugha ya kupanga maisha ni Kiingereza, na Kiswahili hujitokeza katika mzaha na katika ukali wa ghafla. Mtazamaji akizitazama kazi hizi mfululizo hufunzwa, bila ya kuambiwa, kwamba fikra huendeshwa kwa lugha moja na hisia kwa nyingine.

Utetezi wa kawaida ni kwamba hiyo ndiyo hali halisi. Utetezi huo ni wa kweli kwa nusu tu. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya kesi za madai nayo hutenga Kiingereza kwa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, lakini katika mahakama za chini huruhusu Kiingereza au Kiswahili. Mahakama za chini ndizo ambazo Wakenya wengi huzifahamu, na humo mkalimani ni mtu wa kila siku. Mshtakiwa husema kwa lugha moja, maneno yake yakaandikwa kwa nyingine, na hatima yake ikategemea kilichoandikwa. Kwa mtunzi wa tamthilia ya haki, pengo hilo ni hazina. Linaweza kuzaa mgogoro usiopatikana katika tamthilia za polisi za Marekani, ambazo umbo lake ndilo lililofuatwa. Crime and Justice iliazima umbo hilo kwa ustadi, lakini haikulifanya pengo la lugha kuwa kiini cha mgogoro wake. Hapa kuna hasara ya kisanaa, na si ya lugha peke yake.

Hasara hiyo huonekana wazi zaidi ikikumbukwa kwamba mahakama ya Kiswahili si jambo geni katika televisheni ya Kenya. Tangu zama za Sauti ya Kenya, Vioja Mahakamani iliiweka mahakama nzima katika Kiswahili: hakimu, kiongozi wa mashtaka, mshtakiwa na mashahidi. Kilikuwa kichekesho, na mara nyingi kicheko kilitokana na lafudhi za makabila, jambo linaloweza kulaumiwa. Hata hivyo kilithibitisha kwamba shtaka, ushahidi, pingamizi na hukumu vyaweza kusemwa kwa Kiswahili na kueleweka kutoka Vanga hadi Busia. Baada ya miongo hiyo yote, tamthilia ya gharama kubwa zaidi ilirudi nyuma ya hatua iliyokwisha pigwa na kichekesho.

5. Ulinganisho na Kizulu

Ingekuwa rahisi kudai kwamba huduma ya kulipia haina budi kuegemea Kiingereza. Mfano wa Afrika Kusini unakanusha dai hilo. The Wife, iliyopokelewa na watazamaji wengi mno tangu siku yake ya kwanza, ilitumia Kizulu kama lugha yake kuu. Ndugu wa ukoo mmoja wanagombana, wanapatana, wanapanga uhalifu na kuzungumzia mahari kwa Kizulu, na wasiokijua husoma tafsiri ya chini ya picha. Jina ni la Kiingereza, lakini mwili ni wa Kizulu. Kwa Igiza na Pepeta mambo yamepinduka: jina ni la Kiswahili kitupu, na mwili ni wa mchanganyiko.

Kwa hesabu ya sensa ya Afrika Kusini ya 2022, Kizulu ni lugha ya nyumbani ya karibu robo ya watu wa nchi hiyo. Kiswahili husikika na kueleweka katika nchi kadhaa. Kama idadi ya wasemaji ndiyo ingeamua, Kiswahili kingekuwa mbele. Sababu zafaa kutafutwa kwingine, na mbili zinajitokeza.

Ya kwanza ni ya historia ya televisheni. Afrika Kusini ilikuwa imewazoeza watazamaji wake kwa miaka mingi kutazama tamthilia za lugha kadhaa zenye maandishi ya tafsiri. Muvhango ilianza mwaka 1997 kwa msingi wa Kivenda, na Uzalo mwaka 2015 kwa Kizulu. Kulipia kazi ya Kizulu hakukuonekana kuwa jambo la ajabu. Ya pili ni ya namna soko lilivyokatwa. Huduma haikukiona Kiswahili kama lugha ya eneo moja kubwa, bali iliiona Kenya kama nchi moja, na ndani ya Kenya ikaliona tabaka la jiji. Ndani ya MultiChoice, chaneli za Maisha Magic zilikuwa zimekwisha kugawanywa kati ya Kenya na Tanzania, kila upande na tamthilia zake. Lugha moja ikahesabiwa kama hadhira mbili, na kila moja ikaonekana ndogo kuliko ilivyo.

6. Kiswahili cha bure na Kiswahili cha kulipia

Katika miaka ile ile, Kiswahili kilichosimama peke yake kilistawi mahali pengine. Kuanzia mwaka 2019 Citizen TV, inayotazamwa bila ada ya mwezi, ilionyesha Maria, tamthilia ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, na baadaye Sultana. Kazi hizo hutumia Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, na Kiswahili chenye mizizi ya pwani. Humo matajiri husema Kiswahili, watumishi wao husema Kiswahili, na hila za kurithi mali hupangwa kwa Kiswahili. Zilipata hadhira kubwa mjini na mashambani. Yaweza kusemwa kwamba visa vyake hutegemea mno sadfa na machozi, lakini kwa upande wa lugha zilifanya lile ambalo tamthilia za Showmax za Kenya hazikuthubutu kulifanya: ziliwapa watu wa tabaka zote lugha moja, kisha zikawatofautisha kwa namna wanavyoitumia.

Kuna pingamizi la haki hapa. MultiChoice hiyo hiyo iliyoimiliki Showmax ilitoa, kwa chaneli yake ya Maisha Magic East, tamthilia kama Selina iliyoanza mwaka 2018, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiswahili, na kazi za chaneli hiyo ziliingizwa pia katika orodha ya Showmax. Je, si kweli basi kwamba Kiswahili kilikuwa cha kulipia pia? Ni kweli, lakini jibu lake linaiimarisha hoja badala ya kuidhoofisha. Mwenye mali mmoja aliwaona wateja wake kama watu wa namna mbili. Kwa nyumba inayotazama chaneli kwa king'amuzi, familia nzima ikiwa imekaa pamoja, aliagiza Kiswahili. Kwa mtu mmoja mwenye simu yake na intaneti yake, ambaye alidhaniwa kuwa kijana msomi wa jiji, aliagiza mchanganyiko ulioegemea Kiingereza. Lugha ilifuata sura ya mteja kama alivyofikiriwa na mwuzaji.

Dhana hiyo juu ya mteja haikuwa ya lazima. Azam ya Tanzania, yenye huduma ya televisheni ya kulipia tangu 2013, iliijenga biashara yake juu ya Kiswahili: filamu na tamthilia za Tanzania, utangazaji wa kandanda ya nyumbani, na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Ipo tofauti ya nchi, kwani Tanzania ilikilea Kiswahili katika utawala na katika shule za msingi kwa namna ambayo Kenya haikufanya. Lakini tofauti hiyo yenyewe inaonyesha kwamba uwezo wa kulipa na mapenzi ya Kiswahili si mambo yanayopingana.

7. Maandishi ya chini ya picha

Tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha ndiyo iliyoziwezesha kazi hizi kuvuka mipaka. Ni kazi ya tafsiri kama nyingine yoyote, na inastahili kuhakikiwa.

Ugumu wake wa kwanza ni wa adabu ya lugha. Ichukuliwe mifano miwili iliyotungwa hapa kwa ajili ya hoja tu. Mkwe wa Nairobi anamwamkia mama mkwe kutoka Lamu kwa shikamoo, neno ambalo si la kila siku katika jiji lake. Kwa Mswahili, neno hilo moja laonyesha heshima, tena pengine unyenyekevu uliozidi kiasi. Katika maandishi litakuwa salamu ya kawaida. Au kijana anaambiwa na mjomba wake aache mpenzi wake, naye ajibu, "Nimesikia, mjomba." Hakukubali wala hakukataa, amemstahi mkubwa wake na kubakisha nafasi ya kufanya apendavyo. Mfasiri hana budi kuchagua ama ndiyo ama kitu kilicho karibu nayo, na kwa kufanya hivyo ameufunga mgogoro ambao mtunzi aliuacha wazi.

Ugumu wa pili hauzungumzwi mara kwa mara, nao ni mkubwa zaidi. Pale ambapo mazungumzo huchanganya ndimi, Kiingereza cha mhusika na Kiswahili chake huandikwa chini kwa Kiingereza kile kile. Mkubwa wa ofisi aliyekuwa akisema Kiingereza akigeuka ghafla kusema Kiswahili, huenda anaomba, huenda anatisha, huenda anakumbusha undugu. Kugeuka huko ni tendo, na mara nyingine ndilo tendo kuu la onyesho. Kwa mtazamaji asiyejua Kiswahili halikutokea kabisa. Kwa hiyo mbinu ambayo watunzi wa Nairobi waliitegemea zaidi ndiyo iliyopotea kwanza ilipovuka mpaka, na kilichowafikia wageni kikawa kisa kisicho na kiungo chake kikubwa.

Iongezwe kwamba tafsiri hizi zilielekea upande mmoja. Mtazamaji wa Nairobi aliyeitazama The Wife alikifikia Kizulu kwa kupitia maandishi ya Kiingereza, ingawa lugha yake na Kizulu ni ndugu wa Kibantu, na mambo ya mahari, ukoo na heshima za wakwe yana majina yake tayari katika Kiswahili. Watafsiri wa Kiswahili waliokwisha kuleta tamthilia za Kichina na Kituruki kwa umma wangaliweza kuleta na za Kizulu. Huduma iliyojivunia kuwa ya Waafrika iliwakutanisha Waafrika katika nyumba ya Kiingereza.

8. Umiliki na hifadhi

Lililobaki ni suala la hatima ya kazi zenyewe. Kitabu kikiisha kuuzwa hubaki kwa aliyekinunua, na katika Kenya sheria humdai mchapishaji aweke nakala kwa hifadhi. Mteja wa huduma ya kutiririsha hakununua kazi yoyote. Alinunua ruhusa ya kuitazama kwa mwezi. Ruhusa ikiisha, au huduma ikijiondoa, mtazamaji habaki na kitu.

Hofu hii haikutungwa. Showmax ilijiondoa Poland mwaka 2019. Mwezi wa Januari 2024 Amazon ilitangaza kuacha kuagiza kazi mpya kutoka Afrika, baada ya miaka michache tu ya kuziagiza. Mwaka 2025 maamuzi juu ya Showmax yalihamia Paris. Hakuna uovu wa lazima katika mabadiliko hayo. Kampuni hufuata hesabu zake. Lakini hesabu hizo hazina safu ya lugha. Waswahili husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na taifa lililoiweka tamthilia yake yote katika ghala la mwingine liko katika hali hiyo.

Kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili hasara yaweza kuwa kubwa. Kiswahili cha Nairobi cha miaka ya 2020 kilirekodiwa katika kazi hizi kwa namna ambayo hakuna kamusi wala sarufi iliyokirekodi. Mtafiti wa kesho atakayetaka kujua wakati gani neno fulani la Sheng liliingia katika kinywa cha polisi, au jinsi mama wa jiji alivyomsemesha bintiye, atahitaji kuziona. Ikiwa hazipatikani, atabaki na majina yake tu na matangazo yake.

9. Hitimisho

Kukua kwa Showmax kuliwaletea watunzi na wachezaji wa Kenya kazi, vifaa bora, na hadhira iliyovuka mipaka ya nchi. Tamthilia kama Pepeta na Crime and Justice ziliinua kiwango cha utengenezaji wa picha, na mhakiki asiyelisema hilo hatakuwa mwadilifu. Lakini ukuaji wa huduma na ukuaji wa lugha ni mambo mawili. Wateja wanaweza kuongezeka kwa asilimia 44 katika mwaka mmoja, na Kiswahili kikabaki pale pale kilipokuwa, katika mzaha, katika hasira na katika jina la kipindi.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, watunzi wa tamthilia wasikubali kwamba lugha ya hoja ni moja na lugha ya hisia ni nyingine, kwa maana uzoefu wa Vioja Mahakamani na wa Maria umekwisha kuonyesha kinyume chake. Anayechanganya ndimi na achanganye kwa sababu ya mhusika, na si kwa sababu ya mteja aliyefikiriwa. Pili, idara za Kiswahili zilitie somo la tafsiri ya chini ya picha katika mafunzo yao, pamoja na kutia sauti, ili Kizulu, Kiyoruba na Kihausa viweze kumfikia Mswahili kwa lugha yake. Tatu, desturi ya kuhifadhi vitabu ipanuliwe ifikie tamthilia. Mkataba wa kuitengeneza kazi ya lugha ya taifa na udai kwamba nakala moja ya picha na ya mswada iwekwe katika maktaba ya umma, iwapo mwenye huduma atabaki au ataondoka.

Katika methali ya mcheza kwao hutunzwa, neno kwao lina uzito sawa na neno hutunzwa. Katika miaka hii kumi wachezaji walitunzwa. Kama walikuwa kwao au la, jibu lake litategemea lugha watakayopewa watumie katika tamthilia zijazo, yeyote atakayezilipia.